Sura ya Tano: Wapangaji wa Likombe

Katika mtaa ule wa Likombe nyumba tisa kati ya kumi zilikuwa tupu, na ya kumi ilikuwa imejaa watu mpaka uani. Hilo peke yake lilimchosha Ismaili Mchopa kabla hajateremka kwenye baiskeli.

Miaka ishirini na mmoja alikuwa polisi, na alistaafu akiwa sajenti mwenye goti bovu. Tangu hapo aliishi kwa kuchunguza mambo ambayo watu hawakutaka yafike kituoni: mbuzi waliohama zizi, wachumba waliokuwa na wake wengine Tunduru, mipaka ya mashamba iliyotembea usiku. Leo alikuwa anachunguza nyumba. Nyumba haikimbii, alijiambia, na goti lake likakubali kazi.

Aliyemtuma alikuwa Bi Mwaisha wa Mikindani, mjane mwenye shamba la mikorosho themanini na wajukuu wawili wa binti yake marehemu. Mgongo wake ulikuwa umekataa kuinama tena kuokota korosho. Mwanawe wa kiume, Athumani, alimletea shauri: auze shamba, anunue nyumba ya vyumba sita iliyokuwa inauzwa Likombe, kisha akae kivulini kodi imfuate mlangoni. Mnunuzi wa shamba alikwisha patikana. Kesho asubuhi wangekutana mbele ya Liwali, Bi Mwaisha aweke dole gumba, na mikorosho iwe ya mtu mwingine.

"Ramadhani yote na Idi alikuwa Nachingwea," alikuwa amemwambia Ismaili jana yake. "Amerudi majuzi, hata viatu hajavua, neno la kwanza ni nyumba. Anasema imejaa, kila chumba kina mtu. Aliwahi kukaa huko Likombe, anapajua. Mimi, Sajenti, nyumba sijui kuipima. Mkorosho naujua, nikiutazama naona una gunia ngapi. Kanipimie wewe. Shamba hili likipotea, watoto hawa nitawapikia mchanga."

"Mwanao anajua kama umenituma?"

"Hajui. Na asijue."

Ndiyo maana Ismaili alikuwa pale, saa tatu ya asubuhi, mwezi wa Agosti mwaka wa hamsini na mbili, akifuta jasho na kuutazama mtaa uliokwisha kata tamaa. Miaka mitatu nyuma mwenye banda la kuku Mtwara alijiita mwenye nyumba. Wageni wa mradi wa karanga walimiminika na matrekta yao, bandari ikachimbwa, reli ikatandazwa, na wafanyakazi wakalala watano chumba kimoja na kushukuru. Aliyekuwa na mnazi aliuuza akajenga. Aliyekuwa na ngalawa aliiuza akajenga. Kisha karanga zikagoma kuota, wageni wakafunga virago, na wapangaji wakawafuata. Nyumba zikabaki na kufuli, baadaye kufuli zikaibwa, baadaye milango. Sasa chumba kilikuwa kinatolewa kwa shilingi mbili, na mwenye nyumba huku anakushika mkono usiondoke.

Halafu katikati ya msiba huo, nyumba ya Bakari, ileile aliyotumwa kuipima, ilikuwa na vyumba sita na wapangaji sita, tena wa shilingi tano. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyumba hii ilikuwa imetembezwa mpaka Mikindani.

Bakari alitoka kumlaki. Alikuwa mtu mnene aliyekonda ghafla, kanzu ikimpwaya mabegani, na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Karibu, mzee. Nadhani wewe ndiye ndugu wa mnunuzi?"

"Ndiye," alisema Ismaili. Katika kazi yake uongo mdogo kama huo haukuwa na uzito. "Nimekuja kutazama, nikamweleze."

"Tazama. Nyumba haina siri."

Ismaili alianza na paa, maana nyumba mbovu huanza kukiri huko. Aliazima ngazi, akapanda taratibu akilinda goti, na juu kabisa akakuta kitu: mabati yalikuwa mazito, ya kigeni, na kila moja lina alama nyeusi ya namba pembeni. Aliijua alama hiyo. Katika mwaka wake wa mwisho wa kazi alikamata watu wanane kwa mabati ya namna hiyo, yaliyotoroshwa kutoka ghala la karanga.

Akashuka akiwa na hakika kwamba amekwisha maliza kazi mapema.

"Bwana Bakari, mabati haya umeyapata wapi?"

Bakari hakushtuka. Aliingia ndani, akarudi na bahasha, akatoa stakabadhi ya mnada yenye muhuri. Idadi ya mabati na namba zake vilikuwa vimeandikwa humo. Ismaili alipanda tena kulinganisha. Zililingana zote, na goti likamlaumu kwa safari ya pili.

"Paa safi," alisema alipofika chini.

"Nilikwambia."

Kuta zilikuwa nzuri pia. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Alichokonoa miimo ya milango kwa kisu kutafuta mchwa, hakuwaona. Choo kilikuwa na shimo refu na makuti mapya. Kama nyumba zingenunuliwa kwa kuta, Bi Mwaisha angekuwa mwenye bahati. Lakini hakuwa ananunua kuta, alikuwa ananunua watu watakaolipa mwisho wa mwezi, na watu hawachokonolewi kwa kisu.

Akaenda uani. Kulikuwa na majiko sita ya mafiga yamepangwa vizuri, kila chumba na lake. Ismaili alitazama mafiga, kisha akatafuta jaa. Aliliona nyuma ya choo: majivu kidogo, maganda ya mihogo, vichwa vya samaki. Halikufika hata kifundo cha mguu.

"Watu hawa wamekaa muda gani?"

"Wengine miaka miwili. Wa karibu kabisa mwaka."

"Na jaa ni hili tu?"

"Mjini hapa, mzee, si kijijini. Tunazoa," alijibu Bakari, upesi kidogo. "Naomba radhi, nina mtu ananingoja sokoni, na kutoka huko nitapita msikitini. Zungumza nao mwenyewe. Sitaki useme nimewasimamia."

Akaondoka. Ismaili alimtazama akienda, akajiuliza ni muuzaji gani huacha mali yake na mnunuzi peke yao. Muuzaji mkweli, labda. Au muuzaji aliyechoka kuangalia.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha Mussa, kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, aliyejitambulisha kuwa kuli wa gati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kazi ya gati nzito, eh?"

"Nzito, lakini tumezoea."

"Nionyeshe bega."

Mussa alisita, akavua shati. Bega lilikuwa laini kama la bwana harusi. Viganja ndivyo vilivyokuwa na makovu, mistari myembamba iliyokatiza vidoleni, alama za mshipi unaovutwa na samaki mkubwa. Ismaili aliliacha lipite. Mtu anaweza kuvua leo na kubeba magunia kesho, na bega lina siku zake za kukomaa.

"Majirani je? Ndugu yangu atakayenunua ni mwanamke. Anataka kujua atazungukwa na nani."

Uso wa Mussa ulichangamka, kama mwanafunzi aliyeulizwa aya anayoijua.

"Majirani wema, mzee. Hapa ukuta kwa ukuta tuna Mzee Chande, fundi viatu. Tukiishiwa moto tunachukua kwake. Mtu mwema sana."

"Lini mara ya mwisho?"

"Juzi. Alinipa kijinga cha moto kwa mkono wake."

Chumba cha pili, mume na mke wenye mtoto wa mgongoni, wakamsifu Mzee Chande, mtu mwema, ukuta kwa ukuta, tukiishiwa moto tunachukua kwake. Chumba cha tatu, hivyohivyo. Chumba cha nne alikuwamo mwanamke mmoja aitwaye Tabu, aliyekuwa anatwanga, mchangamfu, mwenye ulimi ambao haukuridhika na maneno machache.

"Mzee Chande! Huyo ni baba yetu hapa. Na mkewe ndiye rafiki yangu. Hizi nywele unazoziona kanisuka yeye, jana, hapo barazani kwake, tunacheka na kila apitaye. Mwanamke wa mizaha huyo!"

"Basi nikamsalimie," alisema Ismaili.

Hakuwa na shaka yoyote na Chande. Ilikuwa desturi yake ya kazi tu: neno la mpangaji hulipima kwa neno la jirani. Alitoka, akazunguka mpaka mlango wa pili, akasimama pembeni ya baraza kama inavyopasa. Barazani hapakuwa na kigoda cha fundi wala harufu ya ngozi.

"Hodi! Hodi hapa!"

Kimya. Akabisha mara ya tatu.

"Nani?" Sauti ya mwanamke ilitoka ndani. "Kama ni mwanamume asimame hapohapo!"

"Nimesimama, mama. Ni mgeni. Namtafuta Mzee Chande."

Mlango ukafunguka kidogo, akatoka mwanamke wa makamo amejifunga kaniki. Alimtazama Ismaili kwa muda mrefu, hasira na huruma zikigombea nafasi usoni mwake.

"Unatoka wapi wewe, hata umtafute Chande?"

"Mikindani."

"Basi habari haikukufika. Chande tulimzika kumi la mwisho la Ramadhani, usiku wa ishirini na tano. Mimi naitwa Mwajuma, ni dada wa mjane, nimekuja kutoka Newala kumtumikia. Dada yangu yumo edani. Leo siku ya sabini hajavuka kizingiti hiki, na mwanamume asiye maharimu wake hajamwona hata kucha."

Ismaili alivua kofia yake.

"Innalillahi. Poleni sana, mama. Poleni kwa msiba mkubwa."

"Tumeshapoa."

Kisha akarudi kwenye kazi yake, na alijiona mdogo kwa kufanya hivyo. "Mama, samahani. Hawa wapangaji wa nyumba ya pili walikuja mazikoni?"

"Wapangaji gani? Nyumba ile ilikuwa tupu. Nimeshangaa juzi kusikia watoto wanalia. Hata hodi hawajaja kupiga. Watu wa namna gani hao, wanahamia mahali hawaulizi nani mzima na nani mgonjwa?"

"Na Bakari, mwenye nyumba?"

"Bakari ni ndugu. Ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea marehemu. Siku ya khitma alileta mchele, na yeye mwenyewe tunajua hana."

Ismaili alilirudia neno hilo moyoni. Bakari alishuka kaburini.

"Kabla ya kuwa tupu, nani alikuwa mpangaji wa mwisho?"

"Mimi sikuwapo, lakini dada humlalamikia kila siku. Kijana mmoja, dereva wa matrekta. Miaka mitatu alikuwa anakula hapa kama kwao, anamwita marehemu baba. Mwezi wa Shaabani akaaga kwenda kutafuta kazi mbali, na tangu hapo hajaleta hata salamu ya pole. Kula alijua, kuzika hajui."

"Jina lake?"

Mwajuma aligeuka nusu kuelekea ndani, kisha akatikisa kichwa. "Amelala. Sitamwamsha kwa ajili ya huyo."

Ismaili hakusisitiza. Alishukuru, akarudi uani kwa akina Mussa. Alikaa juu ya kinu kilichogeuzwa, akanyoosha mguu, akawaita Mussa na Tabu wakae mbele yake. Wengine wakachungulia milangoni.

"Mussa, moto uliochukua juzi kwa Mzee Chande, ulikuwa wa kuni gani?"

"Kuni... za kawaida tu, mzee."

"Chande amekufa. Leo siku ya sabini."

Mchi ulianguka kutoka mkononi mwa Tabu. Mtoto mmoja alianza kulia, na mamaye akamziba kwa ziwa.

"Nawe Bi Tabu, mkewe aliyekusuka jana barazani na kucheka na kila apitaye, yumo edani. Hajasuka nywele zake mwenyewe, sembuse zako."

"Yarabi!" Tabu alijipiga mdomoni kwa kiganja. "Nimemchekesha mjane! Nimemtoa edani kwa ulimi wangu!"

Machozi yalimtoka kweli, na Ismaili, aliyeona machozi mengi ya vituoni, aliyaamini haya. Mtu anaweza kusema uongo juu ya kodi akalala usingizi. Uongo juu ya eda ulikuwa kitu kingine, hata kwa mtu aliyelipwa.

Mussa akasema yote, akitazama chini. Walikuwa watu wa Msimbati, jamaa wa ukoo mmoja. Samaki walikuwa wachache na mihogo imeliwa na nguruwe. Waliletwa juzi kwa lori, wakaambiwa wakae siku nne, wapewe unga na posho kidogo, waseme waliyofundishwa, wasitoketoke nje wala kuzoeana na mtu. Waliapishwa kwa msahafu wasimtaje aliyewafundisha.

"Bakari?"

"Nimeapa, mzee. Usinitie dhambi ya pili."

"Alikuwa Bakari au si Bakari?"

Mussa aliokota mchi ulioanguka, akaufuta mchanga. Ismaili hakumlaumu, yeye mwenyewe alikwisha lijua jibu. Mtu aliyemshika Chande kwa mikono yake na kumlaza kwa ubavu wa kuume hawezi kuwafundisha watu kwamba Chande anagawa moto. Bakari aliwaleta watu, lakini somo lilitolewa na mtu mwingine: mtu aliyeujua mtaa nyumba kwa nyumba Chande akiwa hai, na hakuwapo Chande alipokufa. Aliyeondoka Shaabani, akarudi majuzi, na hakubisha hodi ya jirani.

"Utatupeleka ndani?" aliuliza Mussa.

"Mimi si polisi tena. Rudini kwenu."

"Lori litakuja keshokutwa."

"Basi kaeni. Lakini kwanza nendeni kwa jirani mkatoe pole. Wanaume msimame nje."

Walikwenda wote, wamejipanga, Tabu mbele amejitanda khanga mpaka machoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu waje Likombe kufanya jambo la wakazi wa kweli.

Bakari alirudi baada ya adhuhuri na kuukuta ua mtupu. Alimwona Ismaili juu ya kinu, akatazama milango sita iliyo wazi, akaelewa.

"Ulishuka kaburini kwa Chande," alisema Ismaili.

"Nilishuka."

"Wapangaji wako wanachukua moto kwake."

Bakari alikaa chini palepale, juu ya mchanga, na kanzu yake nyeupe. Alicheka kidogo, bila furaha.

"Sikuwapo wakifundishwa. Nilisema sitaki kusikia. Nilidhani kama sisikii, nusu ya dhambi itanipita."

"Nani aliwafundisha?"

"Ningekuwa na mpangaji mmoja wa kweli, mzee, mmoja tu, nisingemleta wa uongo. Nimekaa mwaka mzima nikifagia vyumba visivyo na mtu. Unajua kufagia chumba kisicho na mtu?"

"Nimekuuliza nani."

"Nyumba hii si yangu peke yangu. Nusu ya mabati uliyoyahesabu na mbao zote ni za mwenzangu. Nimekula naye sahani moja miaka mitatu. Nimetenda mabaya, lakini kumtaja sitamtaja."

"Hata usipomtaja," alisema Ismaili, akainuka kwa kujikongoja. "Nakwenda kwake sasa hivi. Anakaa kwa mama yake."

Bakari alifumba macho. Hilo lilikuwa jibu la kutosha.

Njia ya Mikindani ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Ismaili aliendesha polepole, akateremka kwenye kila kilima akasukuma. Mara mbili alifikiri kugeuza. Angeweza kumwambia Bi Mwaisha kwamba nyumba haina wapangaji na kuishia hapo. Kazi aliyopewa ilikuwa kupima nyumba, si kupima mtoto wa mtu. Lakini mtoto huyo angebaki, na shamba lingebaki, na mwezi ujao lingekuja shauri jingine. Angalau amuulize mbele ya mama yake, ampe nafasi ya kusema kweli mwenyewe.

Alifika alasiri. Bi Mwaisha alikuwa amekaa mkekani anasuka ukili, wajukuu wawili wanacheza kombolela nyuma ya nyumba. Athumani alikuwa amesimama mlangoni, kijana mrefu, mikono ya fundi, mwenye tabasamu la haraka. Alipomwona mgeni akamtazama mama yake.

"Huyu ni Sajenti Ismaili," alisema Bi Mwaisha bila kuacha kusuka. "Nilimtuma akaitazame nyumba. Usikasirike. Mtu mzima hununua kwa macho ya watu."

"Nikasirike kwa nini, mama?" Lakini tabasamu lilichelewa kurudi. "Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nyumba nimeitazama. Paa zuri, kuta nzima, mchwa hamna."

"Si nilikwambia, mama!"

"Na watu?" aliuliza Bi Mwaisha. "Mimi nitakwenda huko na watoto hawa kila mwezi. Nitakuwa kati ya watu gani?"

Ismaili alimgeukia kijana. "Hilo atakujibu mwanao. Yeye amekaa huko. Athumani, mwambie mama yako juu ya majirani."

Alilisema kwa upole, na alimpa muda. Athumani hakuutumia.

"Mama, hapo ukuta kwa ukuta kuna Mzee Chande, fundi viatu. Mimi alinilea kama mwanawe. Ukifika yeye ndiye atakupokea, na kodi akiwa jirani yetu haipotei. Mtu mwema kabisa."

"Umemwona tangu urudi?"

"Ijumaa hii iliyopita. Tumesali safu moja, akaniuliza hali ya mama."

Bi Mwaisha alitabasamu kwa hilo. Ismaili alitamani asingelitabasamu.

"Mwanangu," alisema, "Mzee Chande alikufa usiku wa ishirini na tano wa Ramadhani. Bakari alimzika. Mkewe yumo edani. Wewe ulikuwa Nachingwea."

Watoto walikuwa wanapiga kelele nyuma ya nyumba, mmoja anamwambia mwenzake amemwona, atoke. Athumani alirudi nyuma hatua moja. Mkono wake ulishika mwimo wa mlango.

"Baba Chande?" alisema mwishowe, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Bakari hakuniambia."

"Ulimpa nafasi ya kukuambia? Ulikwenda kwake kuzungumzia watu wa kuleta kutoka Msimbati. Na yeye, naona, hakuwa na uso wa kutaja msiba katika shauri kama lile. Lakini mlango wa Chande ulikuwa hatua kumi kutoka hapo."

"Niliona haya. Ningemtazamaje machoni, na jambo ninalolifanya?"

Ukili ulikuwa umesimama mikononi mwa Bi Mwaisha. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Watu gani wa Msimbati?"

Ismaili alimweleza kwa maneno machache, bila kukaza na bila kulegeza: lori, majiko sita, jaa lenye majivu kidogo, kiapo, nusu ya nyumba. Alitoa taarifa kama alivyojifunza kuitoa mbele ya hakimu, akitazama ukuta. Alipomaliza, mama alimgeukia mwanawe.

"Nusu ya nyumba ni yako?"

"Malipo yangu yote ya karanga, mama. Waliponiachisha kazi nilitia kila kitu kwenye mbao na mabati ya nyumba ileile niliyokuwa nimepanga. Nilisema baada ya mwaka nitakuletea kodi wewe, ukae, usiokote tena. Wallahi ndivyo nilivyonuia. Kisha wakaondoka watu wote. Hakuna anayepanga, hakuna anayenunua. Nimetembeza ile nyumba Lindi, nimeitembeza Masasi."

"Ukaileta kwangu."

"Mji mzima hakuna mtu mwingine aliyebaki na kitu cha kuuza."

Alisema hivyo bila ukatili, kama mtu anayetoa sababu ya kweli, na labda kwa hiyo iliuma zaidi. Ismaili aliona mabega ya Bi Mwaisha yakishuka. Alijua methali ya mchuma janga hula na wa kwao, na aliwahi kuisema mara nyingi mahakamani, akijiona ana akili. Hakuisema sasa.

Bi Mwaisha aliuweka ukili mkekani. Hatimaye alisema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo.

"Ungeniomba, Athumani. Ungekuja ukaniambia, mama nimezama, nishike mkono. Shamba ningeliuza siku hiyohiyo, na nyumba yako nisingetaka hata kuiona. Ningeokota korosho za watu kwa kibarua. Hulijui hilo?"

Athumani aliachia mwimo wa mlango. Alipiga magoti mbele ya mkeka, mtu mzima yule, na machozi yakadondoka juu ya ukili.

"Basi nakuomba, mama. Sasa nakuomba."

Ismaili alitazama pembeni. Alidhani anajua litakalofuata, maana aliwaona akina mama wengi, na wote walifanya jambo moja.

Bi Mwaisha alinyoosha mkono, akamfuta mwanawe machozi kwa upindo wa khanga, shavu moja, kisha la pili, taratibu, kama alivyomfuta alipokuwa mdogo.

"Juzi angeniomba mwanangu," alisema. "Leo anayeniomba ni dalali. Sina cha kumpa."

Akamgeukia Ismaili na kumwomba, kwa kuwa anapita njia hiyo, amfikishie mnunuzi wa shamba neno kwamba kesho asiende kwa Liwali. Kisha akauchukua ukili, akatafuta alipoachia.

"Chakula chako kiko jikoni, nimekufunikia," alimwambia Athumani. "Nenda ukale."

Athumani hakuinuka. Alikaa palepale chini, karibu na goti la mama yake, na Bi Mwaisha hakumwambia aondoke.